Jenereta Kwenye Korido

Wiki ile wanajeshi walipokuwa wakivunja maduka mjini kati, sisi makarani wanne tuliendelea kwenda kazini. Usinicheke. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa ameapa kwamba asiyesaini daftari la mahudhurio, asubuhi na mchana, atahesabiwa ameacha kazi. Mimi nilimwogopa yeye kuliko bunduki.

Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta yetu ilizoea kunguruma uani, lakini mkuu aliogopa isije ikaporwa, akatuamuru tuipandishe ghorofani na kuiweka kwenye korido. Tukafunga madirisha yote na kuyabandika makartoni ili mlio usifike barabarani. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Sisi tulikimbiza mashine.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Feni ilizungusha joto lilelile. Kufikia saa nne nilikuwa nimeandika sentensi moja mara tatu, na mwenzangu alikuwa amesinzia mhuri mkononi. Tulitaniana kwamba huo ni usingizi wa njaa.

"Yaya, kichwa inaniuma sana," aliniambia mpiga chapa wetu, mama kijana mwenye mimba ya miezi saba, aliyeniita yaya kwa kuwa nilimzidi umri.

"Ni jua tu. Kunywa mayi," nikamjibu, nami nilijiona mjuzi.

Baadaye kidogo akalaza kichwa juu ya taipureta. Nikamwita. Nikamwita tena. Nilipotaka kumwendea, miguu ilikataa, na hapo ndipo nilipojua kwamba lile halikuwa joto. Ulikuwa moshi wa jenereta. Niliingiwa na hofu ambayo mpaka leo haijanitoka vizuri, kwa sababu chini ya dirisha nilisikia wanajeshi wakicheka. Nikifungua, watatusikia. Nisipofungua, yeye na mtoto wake hawataamka.

"Usifungue! Basoda beko pale chini!" mkuu alinong'ona kutoka mezani kwake.

Nilijikokota hadi dirishani, nikang'oa kartoni, nikavunja kioo kwa kiti.

Wanajeshi walipanda mbio. Sisi tulilala kifudifudi, mikono kichwani. Waliizima jenereta, wakaibeba huku wakikohoa, wakaacha milango yote wazi. Upepo ukapita.

Nilimburuta mpiga chapa hadi kwenye ngazi. Akatapika. Akafumbua macho, akanishika mkono kwa nguvu, naye amejaa woga.

"Yaya," akasema, "ya muchana nilisha kusaini?"