Swali la Mama Kabula Lililochekwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilikuwa nimekaa uani kwangu huku Geita nikipepeta mchele, simu ikalia. Lilikuwa grupu la kata yetu, lile lenye wachimbaji, walimu, wachungaji, na sisi wazee tunaojifunza kubonyeza. Siku hiyo alikaribishwa mtaalamu wa afya kutoka mjini ajibu maswali kuhusu zebaki, ile dawa wanayochanganya na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha wanaichoma mpaka ipae yote na dhahabu ibaki peke yake.

Jirani yangu, Mama Kabula, aliuliza kwa kujirekodi sauti, maana kuandika kunampa shida.

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi nachomea zahabu jikoni, kwenye sufulia. Mutoto wangu Kabula anatetemeka mikono, hata uji unamwagika. Ni ule moshi, au ni kitu gani?"

Nikaweka ungo chini nisikilize jibu. Kikaja kicheko. Mmoja akajirekodi akimwigiza, "zahabu, mutoto," na wengine wakamwomba arudie. Mwalimu mmoja, tena mtu wa kanisani kabisa, akaandika kwamba mama huyu akajifunze Kiswahili kwanza.

Ndipo akaingia Bosi Masunga, mwenye mwalo ambako wanawake wetu wanaosha mchanga. Aliandika maneno marefu, na Kiingereza hapa na pale. Akasema zebaki imetumika miaka yote, na hofu hii inaletwa na wageni wanaotaka wachimbaji wadogo waondoke. "Umemaliza, mkuu!" watu wakamshangilia. Mtaalamu akabaki kujibizana naye yeye tu, kwa heshima zote, mpaka muda ukaisha. Swali la Mama Kabula lilikuwa limeshazama juu huko, halionekani.

Niliandika, "Mjibuni mama huyu kwanza." Nikaambiwa, "Bibi, pumzika, haya ni mambo ya wasomi."

Nilipokuwa msichana kwetu Tinde, kwenye mikutano ya kijiji wanawake tulikaa chini, nyuma kabisa, na mwenye ng'ombe wengi ndiye aliyejua hata kipindupindu kimetoka wapi. Simu zilipoingia nilifurahi sana. Nilidhani humo hamna mbele wala nyuma. Kumbe kila mtu ameingia na kiti chake.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Kabula. Sufuria ilikuwa mekoni.

"Achana na kitu hiki," nikamwambia. "Mpeleke mtoto hospitali."

"Mayu," akanijibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na mama yake, "ingekuwa hatari, yule mtaalamu angeniacha hivi hivi? Na Bosi amesema haina shida."

Nilimsihi sana. Lakini mimi ni nani? Bibi wa darasa la nne.

Kabula alipelekwa hospitali mvua zilipoanza, wakati hata kutembea alikuwa anayumba. Daktari akasema ni zebaki. Leo ni binti mkubwa, na mama yake bado anamlisha kwa kijiko. Hakuna aliyerudi kwenye grupu kumwomba radhi. Juzi tu mama mwingine, mgeni kutoka Chato, ameuliza kuhusu maji ya kisima chake, nao wameanza na lafudhi yake. Nikaizima simu.

Sikwambii kwamba mambo yatabadilika, mwanangu, sijaona dalili. Nakwambia ufanye hili moja: mtu akiuliza jambo linalogusa uhai, sikia swali kabla hujasikia matamshi. Na mwenye gari akisema hakuna hatari, jiulize moshi huo unaingia jikoni kwa nani. Ukijua jibu, litoe, hata kama wenzako wanacheka.

Mungu akupe sikio la namna hiyo. Na akuepushe na siku ya kuuliza mahali ambapo wewe si mtu.