Mkopo Uliofika Baada ya Mvua

Nimepigiwa simu kutoka Beni: yule meneja wa zamani wa koperative yetu ndogo ya akiba na mikopo hapa Butembo ametutoka. Alikuwa ameenda huko kutibiwa moyo. Nimechoka na habari za namna hii, msomaji wangu. Hatukuwa marafiki hasa. Tulikuwa watu wa kusalimiana na kubishana baada ya misa.

Tulibishania sheria. Serikali ilipoanza kuzibana koperative, mimi nilinung'unika, yeye akashangilia. Mama yake aliwahi kupoteza akiba yote kwa wajanja waliofunga ofisi wakatoweka, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Haki yake nimpe: tangu sheria ije, kwetu hakuna aliyetoroka na pesa ya mtu. Lakini zamani, mkulima akiomba mkopo, meneja mwenyewe alipanda mlima, akalitazama shamba, akauliza majirani, basi. Sheria ikataka hati ya shamba na idhini ya makao makuu. Mjane mmoja wa kijiji cha Kipese akaomba pesa ya mbegu za viazi. Hati hakuwa nayo, kama wengi wa huko, na shemeji zake walishamwambia kwamba shamba la ndugu yao likilala msimu mmoja tu, watalichukua. Karatasi zikatumwa, zikarudishwa, zikatumwa tena. Idhini ilipofika, meneja alikodi pikipiki akapeleka habari mwenyewe, amejaa furaha. Yule mjane akamlisha kwanza, kisha akamwambia, "Papa, nasema aksanti. Lakini mvula ilishapita. Ile pesa, nitaipanda?"

Shemeji wakalichukua shamba. Meneja aliponisimulia, nilidhani sasa ataitukana sheria, nami nilikuwa tayari kumcheka. Hakuitukana. Alijifuta uso, akasema polepole, "Sheria hapana mubaya. Mais bale baliiandika, birayi bananunuaka ku soko." Yaani, sheria si mbaya, lakini walioiandika viazi hununua sokoni. Tangu siku ile hatukubishana tena, na ubishi wake naukosa kuliko nilivyotarajia.

Kulinda pesa ya maskini ni jambo jema, wala sitaki turudi kwa wale wajanja. Ila anayetunga sheria ya mkopo aulize kwanza watu wanapanda lini. Mama yule wa Kipese sasa analima kibarua kwenye mashamba ya wengine. Kila mwezi anateremka kuweka akiba yake kwetu, na akiba hiyo iko salama kabisa.