Nilimfundisha Zuhura Kusoma kwa Sauti

Mhariri, jina langu lifiche. Hapa Donholm ninapoishi naitwa Mwalimu, watu wananipisha kwenye foleni ya maziwa, na sina hamu ya kuanza kupanga foleni kwa sababu ya gazeti lako.

Kosa ni langu. Sitasema shetani alinipitia, maana siku hizo shetani alikuwa na shughuli zake. Niliharibu masomo ya mtu nikiwa na akili timamu, huku nakunywa chai ya mama yake.

Ilikuwa miaka ya sabini, nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, mtaa wa Jericho. Nilikuwa kijana mwenye shahada mbili, na mtaani kwetu mtu wa shahada mbili alitazamwa kama twiga aliyepotea njia. Habari zikaenea kwamba nakwenda Amerika kusomea udaktari. Si ule wa sindano, ule wa vitabu, lakini ebu waeleze watu wa Jericho. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akanionyesha goti.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu. Chuo cha huko kilitaka kwanza nifanye mtihani wa Kiingereza: maneno magumu, halafu habari ndefu za kusoma na kujibu maswali, saa ikikimbia. Nilicheka. Nani asiyejua Kiingereza, mimi? Mimi niliyekuwa nikisimamishwa darasani kumsomea mkaguzi kwa sauti tangu nikiwa na kaptura?

Basi nikajiandaa kama msomi. Nilitafuta kamusi nene nikaanza kuikariri kutoka A. Nikienda soko la Burma kununua nyama, nazisifia mbavu kwa maneno mapya ya A niliyoyapata asubuhi, na mwenye buchari ananiuliza kwa upole kama nataka kilo au nusu. Zile habari ndefu nilizisoma kwa sauti mbele ya kioo, maneno nikiyapitisha puani. Nilipendeza sana.

Na mtaa ukaniaga. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwetu mtu akisemwa anasafiri huagwa papo hapo, hakuna wa kuuliza kama safari ipo. Mbuzi alichinjwa. Kanisa la mama likaniombea. Mzee Shee, mwenye duka la kona, Mwislamu wa asili ya pwani, alileta sinia la pilau na dua yake juu. Akina mama wa kanisa wakanivisha sweta nzito ya rangi ya udongo, ya baridi ya Amerika. Nikatoa hotuba. Nililia kidogo.

Wiki iliyofuata ndipo nikaenda mjini kufanya mtihani wenyewe, na nikaanguka.

Sikuanguka kidogo. Maneno waliyouliza yalitoka kwenye herufi zote, watu wasio na huruma, na mimi nilikuwa nimefika D. Zile habari za kusoma ndizo zilinimaliza kabisa. Nilikuwa bado naionja sentensi ya pili ya habari ya kwanza, wenzangu wanafungua ukurasa.

Sasa niambieni, mtu amekwisha kuvishwa sweta, atarudi na kusema nini? Nikasema nimepita, ila nafasi imesogezwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, ikasogea tena. Mwisho nikatangaza kwamba nimeiacha nafasi ili nimtunze mama yangu. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa anabeba debe la maji kichwani bila kulishika. Lakini watu walinisifu mno. Wazee walinitaja kwa watoto wao kama mfano.

Kwa hiyo Zuhura, binti wa Mzee Shee, alipopata nafasi ya udaktari chuo cha ng'ambo, kwa masharti ya mtihani ule ule, mnadhani aliletwa kwa nani? (Majina yote nimeyabadilisha. Aibu nimeiacha kama ilivyo.)

Mzee Shee alikuja mwenyewe, kofia mkononi. "Kijana wangu, wewe njia hii umeipita. Mshike mkono dada yako. Chuo kimempa mwaka huu tu. Asipopita, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine."

Hapo ndipo ningesema, "Mzee, mimi nilianguka." Ni maneno matatu, manne. Badala yake nikavuta sweta vizuri nikasema, "Mzee, umefika."

Tulianza jioni, kibarazani kwao. Mama yake, Bi Rehema, akaleta chai ya tangawizi na kaimati. Nilimpa Zuhura habari moja kutoka kitabu changu cha mazoezi, inahusu nyuki, nami nikachukua nakala yangu tusome pamoja. Alisoma kimya. Macho yalishuka ukurasa wote kama mtu anayeteremka ngazi za kwao. Halafu akaweka kitabu, akashika shavu, akaningoja.

Mimi nilikuwa bado na nyuki wa juu kabisa.

Nikajifanya natia alama kwa penseli. Nikamuuliza maswali, akayajibu. Nikamuuliza lile ambalo mimi mwenyewe lilinishinda, akajibu na kuniambia limefichwa wapi. "Ni hapa, Kaka. Mwandishi anasema hivi, lakini anakusudia vile." Aliniambia kwa adabu kabisa, wala hakujua anachonifanyia.

Wasomaji, nilisikia joto limenipanda hadi masikioni. Nilijua siku hiyo hiyo kwamba msichana huyu atapita mtihani bila mimi, bila kamusi, bila kaimati. Alichohitaji kwangu ni niondoke kibarazani kwao. Na nilijua kwamba akipita hivyo, mtaa utauliza mbona yeye amepita na ndege amepanda.

Nikamwambia, "Tatizo lako unasoma kwa pupa."

"Kwa pupa?"

"Kusoma kimya ni kusoma kwa pupa. Mzungu anataka utulie. Weka kidole chini ya neno, litoe kwa sauti, ulisikie. Vitabu vyako vya hadithi weka kando, shika kamusi. Anza A."

Alinitazama kidogo. Halafu akaweka kidole chini ya neno.

Siku chache baadaye alinilalamikia. "Kaka, nikisoma kwa sauti sielewi. Najisikiliza sauti yangu tu, maana inanipita. Wewe ulifanya hivi kweli?"

"Hivi hivi," nikamwambia. Na hapo angalau sikusema uongo.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mzee Shee. "Zamani alikuwa anakaa na kitabu kimya, mimi nadhani amelala," alisema. "Sasa nasikia anasoma." Akaanza kutoa viti nje. Wateja wa duka wakaja na sukari zao wamezipakata wamsikilize. Karani mmoja jirani, Mkamba wa kanisani kwetu, akawa anatikisa kichwa kila neno refu likipita. Vijana wakipita wanaita, "Niaje, Daktari!" na haikujulikana wanamwita yeye au mimi. Jioni zile Zuhura alisoma vizuri sana, polepole, kila neno mahali pake, na ukimuuliza habari ilihusu nini anakuwa kama mtu aliyeamshwa. Mimi nikala kaimati.

Siku ya mtihani Bi Rehema alimsomea dua mlangoni. Nami nilikuwepo, nimevaa sweta, nikampa mkono.

Alirudi mchana. Alikaa kibarazani bila kuvua viatu, akanieleza mambo yalivyokwenda. Midomo ilikuwa inacheza na sauti inatoka, msimamizi akaja kugonga meza yake, akamwonya anasumbua wenzake. Akajaribu kusoma kimya kama zamani, lakini kichwani kuna mtu anasoma kwa sauti, polepole, hanyamazi. Muda uliisha hajafika hata nusu.

"Ni nani huyo anayesoma kichwani?" Bi Rehema akauliza, ameshtuka.

Nilijua ni nani. Nilikuwa na kaimati mdomoni.

Majibu yalipokuja, nafasi ikaenda kwa mtu mwingine, kama mzee alivyosema. Mkinihukumu kwa hilo tu nitashukuru, maana kilichofuata ndicho kinachonikosesha raha mpaka leo. Nilimwambia, "Jaribu tena mwakani." Akatabasamu. "Hapana, Kaka. Njia ni nzuri, wewe umepita kwa njia hiyo hiyo. Kichwa changu ndicho kidogo. Afadhali nimejua mapema."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, karibu kiasi cha kugusana magoti. Ningemwambia kwamba mimi sikupita, basi angejua kichwa chake ni kizima. Sikumwambia. Nilimwambia asijali, si kila mtu ameumbiwa udaktari. Maneno hayo niliyasema kwa huruma, nikajiona mtu mwema, nikaenda nyumbani nikalala.

Zuhura akawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Mimi nikaoa, nikapandishwa cheo, tukahamia Donholm. Ningeendelea hivyo hadi kaburini, na mngesoma katika tanzia yangu jinsi nilivyoiacha Amerika kwa ajili ya mama.

Mwaka huu binti yangu ameingia kidato cha kwanza. Huyu mtoto alikuwa anameza vitabu. Unampa kitabu asubuhi, jioni anakusimulia. Aliporudi likizo ya kwanza, nikamkuta mezani, kidole chini ya neno, anasoma kwa sauti, polepole, maneno akiyapitisha puani.

Nikamuuliza, "Mbona hivyo? Wewe si husoma kimya?"

"Mwalimu wetu amekataza, Baba. Anasema kusoma kimya ni kusoma kwa pupa."

Nikamuuliza mwalimu wenu anaitwa nani, na jibu nilikuwa nalo kabla hajasema. Halafu akaongeza, kwa furaha, "Anasema alifundishwa na mtu mkubwa sana, alipita mtihani wa Amerika. Baba, ni wewe, sivyo? Amesema siku ya wazazi uje darasani utusomee."

Nilikwenda, na nilikwenda nimeamua kusema. Njia nzima nilikuwa nayapanga yale maneno matatu, manne. Zuhura alinipokea langoni, nywele zimeanza mvi chini ya mtandio, akacheka. "Kaka, umenenepa. Na ile sweta iko wapi?" Akanishika mkono kama anavyoshikwa mtu wa heshima, akaniingiza darasani. Wasichana wakasimama. Akawaambia, "Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Mimi nilishindwa, lakini si kosa lake."

Nilifungua mdomo niseme, akanipa kitabu.

Nikasoma. Kwa sauti, mhariri. Ukurasa mzima, kidole chini ya neno, na binti yangu safu ya mbele ananitazama kama vile nimeshuka kutoka mbinguni. Darasa lilipiga makofi. Zuhura alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikainama, nikashukuru, nikapewa soda.

Nimekuwa nikihesabu madarasa yake ya miaka yote hiyo, watoto wa watu waliokuwa wanasoma vizuri wakaambiwa wanasoma kwa pupa. Nimeacha kuhesabu.

Kwa hiyo ninyi mnaoitwa mwalimu, daktari, profesa, nisikilizeni. Ukiulizwa kitu na hukijui, sema hukijui, aibu yake ni ya jioni moja tu. Na ukikaa na mtu ukaona amekuzidi, usimtafutie kasoro. Nyanyuka, aga, urudi kwako hata kama chai imeshamiminwa. Mimi sikunyanyuka, na leo mwanangu mwenyewe analipia.

Na wewe dada, kama gazeti hili limekufikia hapo chumba cha walimu, umelishika na umeshajua ni nani anayesema: mimi nilianguka. Nilianguka vibaya kuliko wewe, kwa njia ile ile. Kichwa chako hakina kasoro. Toa kidole kwenye ukurasa. Anza tena juu, soma kimya, upesi, kama ulivyosoma ile habari ya nyuki.