Miezi Niliyomkimbia Msimamizi Wangu

Wanaotaka kuanza shahada ya uzamili huniuliza wasome vitabu gani. Mimi huwauliza kwanza wanamwogopa nani. Wanacheka. Mimi sicheki, maana nusura niache masomo njiani kwa woga tu.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Kisesa, nimepewa ruhusa ya kusoma, nikiandika tasnifu kuhusu akina mama wanaoanika dagaa Kirumba. Msimamizi wangu, mama mwenye sauti ya upole, alinirudishia sura ya tatu ikiwa imejaa wino mwekundu. Pembeni aliandika: "Kwa nini hawa na si wengine?" Nilisoma mara kumi, sikuelewa anataka nini. Lakini alipouliza kama nimeelewa, nilijibu, "Ndiyo, mwalimu," nikatoka.

Nimekulia Magu. Kwetu huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Mama yangu hata akienda kumjulia mtu hali hubeba mchele, au walau viazi. Nami nikajiapiza kwamba sirudi kwa yule mama bila sura iliyokamilika. Wewe uliye masomoni sasa hivi, hapo ndipo utakapopotea. Wiki zikawa miezi. Simu yake ikiita, naitazama mpaka inyamaze. Siku moja nilimwona sokoni Mwaloni akichagua sato. Mtu mzima na ndevu zangu, nikachutama nyuma ya magunia ya dagaa.

"Baba, umeiba nini?" mama mwenye magunia akaniuliza kwa sauti kubwa.

Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha mwanafunzi mwenzangu akanipigia: ameona barua mezani kwa msimamizi, ina jina langu, ya kupendekeza niondolewe masomoni. Nilijiona nikirudi Kisesa, walimu wenzangu wakinyamaza kila nikiingia ofisini. Nilimfikiria mama, aliyekwisha kuliambia kanisa zima kwamba mwanawe anasoma. Niliogopa kwenda, nikaogopa zaidi kutokwenda.

Asubuhi iliyofuata nilibisha hodi mlangoni kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbe uko hai?" Hakuwa akitania. "Nilidhani umepatwa na jambo. Nimekuulizia mpaka nimechoka."

"Sijaleta kitu, mwalimu."

"Nani alikutuma kitu? Nilikuwa nakutafuta wewe."

Barua ilikuwa pale mezani, haijasainiwa. Sikuthubutu kuitazama mara mbili. Hakuichana, wala hakuificha. Alisema itaondoka saa nane mchana, isipokuwa nimletee ukurasa mmoja, hata uwe mbovu namna gani.

Nilikaa kwenye ngazi nje ya ofisi yake nikaandika. Kalamu iliteleza kwa jasho, wanafunzi wakiruka magoti yangu kupita. Kabla ya saa saba nilikuwa nimerudi. Aliusoma akiwa amesimama, akakata sentensi ya kwanza yote, akaandika maneno matatu pembeni.

"Umeelewa?"

Mdomo ulikwisha kufunguka kusema ndiyo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Hapana, mwalimu. Sijaelewa. Hata yale ya wino mwekundu sikuyaelewa."

Aliiweka kalamu chini. Kisha akavuta kiti cha pili karibu na chake, akaniambia nikae, akaanza kunieleza.