Siku Mashini ya Tansio Ilinifunga Mudomo Mbele ya Bakwe

Bandugu, kama munasikiaka bantu ba Kamina banaitaka minyi Papa Pi-Pi, mujue hakuna muntu alinionea, ile jina nilijitafutia minyi mwenyewe, na leo naeleza yote na mudomo yangu juu ile banaelezaka ku soko iko mubaya zaidi (banasema ati nilikufwa nikafufuka, kumbe kufwa nilitamani tu, nafasi njo ilikosekana).

Ilianza ku kanisa. Kisha misa, enfirmiere moja, muuguzi wa lopitali, mama Clarisse, akasimama akaeleza kama banganga beko banatafuta kujua namna gani tansio ya damu inapandaka na kushuka mu mwili ya muntu muchana na busiku, njo banaomba bantu bajitolee, bagonjwa na bazima, bakubali kuvaa mashini siku moja. Ni kazi ya mapenzi, akasema, hatukamate muntu kwa nguvu. Bantu kimya. Moja wa nyuma akauliza ile damu banaiuzishaka wapi (mama Clarisse akamujibu kama mashini hainyonye damu, inakaza tu mukono, lakini bantu munabajua). Sasa minyi niko prezida ya komite ya kanisa, na nikiona bantu kimya, mudomo yangu inawasha. Nikasimama, nikafunga bifungo ya koti, nikasema: "Minyi njo wa kwanza, na nitatembea nayo mu muji yote, mutaniona."

Bakanipigia makofi, hata korali. Ile makofi njo iliniharibu kichwa.

Mashini yenyewe iko hivi: kitambaa kinene ku mukono ya kushoto, mupira inapita nyuma ya shingo, kasanduku kadogo ku mukaba. Kila muda kidogo inalia pi pi, inajaza upepo, inakukaza mukono sawa polisi amekukamata, na pale usiseme, usitikisike, mukono uiache inaning'inia mpaka imalize, juu ukitikisika inakosa kusoma na inaanza tena. Mama Clarisse akaniuliza kama siku ya posho, njo Jumamosi, niko na kazi. Nikamuambia ukweli, kama tunaenda kwa bakwe kusema mali ya binti mwenye Kasongo, mutoto yangu, anataka kuoa.

"Basi papa, kuya Lundi, kisha Jumapili," akasema. "Mashini haina miguu, haikimbie."

Lakini minyi nilishafikiri siku ya yenga, njo Jumapili, namna nitaingia ku kanisa na alama ya mashini ku mukono, bantu bananiangalia. Nikamuambia: "Funga, mama." Neno moja tu; posho asubui akanifunga, na sasa musikie mambo yake.

Baba ya binti ni soda, askari wa jeshi, cheo yake Adjida, muntu wa ku Ekwatere mwenye baliletaka huku ku baze ya jeshi zamani, akaoa kwetu. Anaikala na mama ya bibi yake, Nkambo Ngoie wa Mulongo, nyanya ya binti, muzee mwenye akikuangalia unajisikia hauyaoga. Kaka yangu mukubwa njo alipashwa kusema ku nafasi yetu, lakini train ilimulalisha Bukama, basi kusema ikaniangukia minyi. Mashini nikaificha chini ya koti, juu siku ya mali bakwe banakugeuzaka sawa muhogo ya ku soko, banatafuta fasi yenye kuoza, na minyi sikutaka baseme Kasongo anatoka mu familia ya bugonjwa.

Kwetu Baluba, mukwe akikusalimia unapiga magoti, unapiga makofi pole pole mpaka aseme basi. Mwenye hapige, amesema: weye hauko kitu. Nkambo akatoka mu nyumba na kitambaa mupya ku kichwa. Kasongo akapiga magoti, akapiga makofi. Minyi nikapiga magoti, na pi pi.

Mukono ikakazwa, nikaiachilia pembeni. (Jaribuni kupiga makofi na mukono moja, kisha mutaniambia.) Nkambo akauliza kama bantu ba ku nyumba beko bazuri, minyi namuangalia tu. Akauliza tena. Kasongo akaninongoneza: "Papa, makofi." Jasho inashuka mu mugongo, minyi sanamu. Mashini ilipoachilia, nikapiga makofi mbio mbio na nguvu yote juu nilipe yenye ilipita, lakini Nkambo alishageuka kuingia, basi ikaonekana namupigia makofi juu anaondoka.

Mu nyumba, Adjida akaanza. "Tunaomba ng'ombe moja ya Kaniama, na mbuzi." Nikafungua mudomo nijibu tumesikia, pi pi. Nikafunga mudomo. Adjida akaniangalia, nikamuangalia. "Ni mingi?" Kimya. "Basi ng'ombe bila mbuzi." Kimya. Akafuta paji ya uso. "Mbuzi bila ng'ombe." Pale mashini ikaachilia, nikasema tumekubali, na nitasema ukweli hata kama ni haya: nilijisikia muzuri. Nikaona kumbe niko musemaji mukali. Ningenyamaza hivi ku parlema, inchi ingeendelea.

Halafu Adjida akaita binti, Mireille, mwenye alikuwa ameshika sahani ya samaki, akamusimamisha mbele yangu. Akasema mutoto yake alisoma, anajua kazi, anajua heshima, na kabla mbuzi haijafika anataka kusikia tu neno moja kutoka ku mudomo yangu. "Papa, weye unamuonaka namna gani? Ni bibi muzuri kwa mutoto yako?"

Pi pi.

Bandugu, mukono ikakazwa pale pale. Mireille akaweka sahani chini. Macho yake yakajaa mayi. Kasongo akasema "Papa" mara moja. Na minyi, mwenye ningeweza kusema "ndiyo" na mashini ikose kusoma, dunia ingeendelea tu, nikafikiri kwanza kama mama Clarisse atasema nini Lundi.

Adjida akasimama. Pale njo aliona mupira nyuma ya shingo, inaingia mu koti. Soda ni soda. "Batoto bote inje," akasema pole. "Weye, mikono yulu." Nikapandisha ya kuume. "Yote mbili." Ya kushoto ikabakia inaning'inia. Nkambo akajificha nyuma ya kabati, na hata pale sikusema, mpaka upepo ikatoka fwiii, nikalia: "Ni mashini ya tansio, Adjida, ya lopitali!"

Akatoa koti yangu mwenyewe, akaangalia. "Uko mugonjwa?"

"Hapana, niko muzima. Nilijitolea."

Nkambo akatoka nyuma ya kabati. "Muntu muzima, anavaa mashini ya bagonjwa kwa mapenzi yake, siku ya mali?" Akageukia Adjida. "Mugonjwa tutamuhurumia. Lakini mu nyumba ya kichaa, mutoto yetu haendi."

Nikaangalia Kasongo. Uso yake ilikuwa imeisha kabisa. Njo nikasema: "Nkambo, niliona haya tu. Niko mugonjwa. Moyo inataka kusimama."

Huruma ikaanguka mu ile nyumba sawa mvua. Mireille akaniletea mayi, Nkambo akanipepea na kitambaa ya ku kichwa yake, Adjida akasema ndoa ifanyike mbio, mukwe aione akingali na macho. Tukarudi, Kasongo alitembea mbele yangu njia yote.

Siku ya yenga kanisa yote ilishajua: mashini imekula moyo ya prezida. Benye balishajitolea kwa mama Clarisse bakajitoa bote. Na Lundi, niko nakula bukari yangu muzuri, naona Nkambo anaingia na Adjida, Mireille, na padri amebeba mafuta matakatifu. Bibi yangu akanisukuma ku kitanda na tonge mu mudomo. Padri akafungua mafuta. Mama Clarisse naye akafika na mashini yake, amesikia niko nakufwa juu ya kazi yake.

Kudanganya mukwe, sawa. Lakini mafuta ya bagonjwa ku paji ya muntu mwenye ametoka kula bukari mbili, ile roho ilikataa. Nikaikala, nikasema yote.

Nkambo akasogea ku kitanda. "Buongo ya kwanza, buongo ya pili, ya kweli tutaijuaje?" Akageukia mama Clarisse: "Mufunge tena. Hapa."

Nikafungwa. Tukangoja bote, padri na mafuta mu mukono. Pi pi. Nkambo akanisalimia. Sikutikisika. Akanisalimia na sauti ya juu. Akainama, akaangalia mukono yangu namna inaning'inia, akagusa mupira na kidole. Fwiii, na minyi nikashuka ku magoti nikapiga makofi mpaka akasema basi.

"Kumbe ni kweli, inamufunga," akasema. Akafikiri. Kisha akapandisha mukono ya nguo yake: "Mama, na minyi munifunge. Nione kama itanifunga mudomo." Adjida akafwata, na ile juma mama Clarisse alikosa mashini, hakukosa bantu.

Ndoa ilifanyika. Lakini ile magaribi, bantu balipoenda, nilimuambia Kasongo aseme yenye iko mu roho yake. Akasema pole, bila kasirani: "Papa, weye ulitaka bantu ba kanisa bakuone. Minyi nilitaka Mireille, basi."

Sikumujibu, na mu mukono hakukuwa mashini.

Mashini ya banganga nitavaa tena, ni kazi muzuri, jitoleeni. Lakini siku ya mutoto yangu, niliapa, nitaenda na mikono mbili bila mashini, na nikiulizwa, nitajibu.