Majina Niliyoyaruka

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakujua kusoma, lakini historia yote ya kijisitu cha chemchemi yetu kule Kihesa ilikuwa kichwani mwake, na kwake peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa likizo kutoka shule ya misheni, aliniita jikoni. "Mwanangu, mimi nimezeeka. Chukua daftari uandike, nisije nikaondoka nayo."

Nikaandika siku tatu. Mti wa karibu na maji usikatwe. Ng'ombe wanyweshwe chini, si juu. Kwa kila mwiko alitanguliza jina la aliyeuweka na sababu yake: huyu baada ya njaa, yule chemchemi ilipokauka akamzika mwanawe. Kisha alimwaga unga kidogo chini, akalitaja jina mara ya pili.

Ule unga ulinikera. Nilikuwa nimetoka kupata kipaimara, najiona mtakatifu kuliko padri mwenyewe. Nikaandika miiko, majina ya wafu nikayaruka. Shangazi akaniuliza, "Umewaandika wote?" Nikamjibu, wote. Nilimdanganya mtu asiyeweza kunisahihisha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Alifariki kabla ya masika. Kiangazi kilichofuata watu walitaka kufyeka kijisitu wapate mashamba mapya, jumbe akaitisha baraza. Nikasimama na daftari langu, nikasoma kwa sauti, wazee wakasikiliza mpaka mwisho. Mmoja akauliza taratibu, "Huo mwiko wa kwanza aliuweka nani?"

Nikarudi ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Na wa pili?"

Kwetu mwiko haupati nguvu kwa karatasi. Aliyeuweka akitajwa, wajukuu zake waliopo barazani husimama kuutetea, maana ni neno la babu yao. Bila jina, yalikuwa maneno ya binti wa shule tu. Na wajukuu walikuwepo, nina hakika, wamekaa kimya wakingoja kusikia jina la kwao. Sikuwa na la kuwapa. Jumbe akasema, "Kaa, binti. Umesoma vizuri."

Kijisitu kilikwisha kabla ya mvua. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja uzee. Kaka yangu alileta nyumbani mizigo miwili ya kuni za pale, kavu, nzuri, na mama akaniambia niwashe moto. Nikawasha.