Gati Lilivyomfungia Filimbi

Mlinzi wa bandari alisimama mlangoni pa chumba cha cherehani, kofia mkononi.

"Dada, kaka yako ameanguka gatini. Hatunaye tena."

Dada mtu alikuwa na pini mdomoni. Akazitema kiganjani. Kabla machozi hayajatoka, mlinzi akakohoa. "Na meneja anaomba, kama si usumbufu, funguo za geti. Zimebaki mfukoni mwa marehemu."

Dada mtu akazichomeka pini kitambaani moja moja, akainuka.

Kaka yake waliyemwita Filimbi alikuwa mpanga mashua na boti pale bandarini. Bandari ni ndogo, mashua za uvuvi ni tele, kwa hiyo hufungwa ubavu kwa ubavu, na inayotangulia kutoka ndiyo hukaa nje kabisa. Kila jioni alimuuliza kila nahodha saa yake ya safari, kisha akapuliza filimbi na kuonyesha kwa mkono: wewe ndani, wewe nje. Mambo yalikwenda vizuri mpaka zilipokuja boti za starehe, nyeupe pe, muziki juu. Wenyewe walifunga popote, wakatia mnyororo na kufuli, wakaenda zao kula. Wavuvi nao, kwa kuwakomoa, wakamwaga matumbo ya samaki pembeni mwa zile boti. Wenye boti wakajibu kwa chupa. Maji yakawa uji wa mafuta, magamba na uchafu wa kila namna, na Filimbi katikati, akitukanwa na pande zote mbili.

"Kwani bandari ya baba yako?" walimuuliza.

"Ingekuwa ya baba yangu, wewe ungeegesha jikoni kwenu," aliwajibu, akapuliza tena.

Alikuwa akibishana hivyo moyo wake uliposimama.

Ilibidi azikwe ng'ambo ya maji, kando ya mama yao, na ilibidi wavuke mapema, kwani maji yakishakupwa, kule hakushukiki, ni tope mpaka kiunoni. Mashua ya Nahodha Tumbo ndiyo ingembeba. Lakini walipofika gatini na jeneza, dada mtu aliona hakuna njia. Wavuvi wote walikuwa wamerudi kumzika, na kila mmoja alijifunga alipoona nafasi. Mashua ya Tumbo ilikuwa ndani kabisa, imebanwa, na nje ya zote boti ya starehe imekaa na mnyororo wake.

"Tulikuja kwa heshima, dada," Tumbo alisema, akijikuna shingo.

"Heshima gani hii, nahodha? Mmemzibia njia!"

Meneja alifungua karatasi akaanza kusoma kuhusu mchango wa marehemu. Alinukia manukato juu ya harufu ya matumbo ya samaki. Dada mtu alimwomba Mungu subira, akapewa kidogo.

"Meneja, maji yanatoka. Kunja hiyo, shika jeneza."

Akamgeukia Tumbo. "Mpitisheni juu kwa juu. Mtu mmoja azungushe mtumbwi kule nje."

Basi jeneza likapita mkono kwa mkono, mashua hadi mashua, watu wakiteleza kwenye magamba. Wifi yake, mjane wa Filimbi, alifuata nyuma akiwa ameshikwa mkono. Walipokanyaga ile boti nyeupe, mwenyewe akatokea anakimbia, leso ya kulia chakula bado shingoni.

"Jamani viatu! Hiyo sitaha imepakwa rangi jana!"

"Na sisi tunazika leo, bosi," Tumbo alimjibu, akaweka buti lake palepale.

Yule bwana akaleta taulo, atandike chini ya jeneza lisikwaruze. Dada mtu alizitazama zile taulo laini. Akazisukuma kwa mguu. Jeneza likashushwa kwenye mtumbwi, yeye na wifi wakaingia, na Tumbo akashika kasia. Wengine walizunguka kwa miguu, njia ya mawe isiyopitisha jeneza.

Ng'ambo walishukia tope la vifundoni. Mchungaji alisoma zaburi moja akaomba. Wakamshusha. Wifi alitupa udongo wa kwanza, kisha dada mtu, kisha wavuvi wakashika makoleo. Meneja alikuwepo, karatasi yake imekunjwa mfukoni. Kaburi lilipojaa, wakaimba wimbo mmoja, wakaweka msalaba wa mbao. Dada mtu akamshika wifi yake mkono, wakaondoka.